Risasi iliyo kwenye funguo za Zadock

Caren, soma hii sasa hivi hata kama uko na wateja. Hudson wangu ameshikwa.

Ameshikwa kazini, pale wanapolenga shabaha. Si anafagia pale? Kumbe vile vichwa vya risasi zilizopigwa alikuwa anaviokota huko, analeta nyumbani, anavipiga tupa mpaka vinachongoka. Halafu anawasha feni, anachoma udi mbele yake, anashika kichwa kimoja kwenye moshi, anaangalia unavyokipita. "Mama ona, hii haisumbui upepo." Mimi nacheka tu. Kijana hanywi, hatembei ovyo, ningesema nini?

Leo amebeba tatu akamwonyeshe sir mmoja hodari wa kulenga. Alitaka kusifiwa tu. Na amesifiwa, Caren. Huyo sir amemsifu kabisa, halafu akaita polisi.

Nimefika kituoni nikasema hazina baruti, ni mchezo wake. Afisa akasema, "Mama, hizi ni risasi." Nikasema ni mchezo. Akarudia pole pole, kama anaongea na mtoto. "Mama, ni risasi."

Hudson nimemwona kidogo. Nilidhani atalia. Akaniuliza, "Mama, ulizima feni?" Nikalia mimi.

Sasa kijana wako Zadock. Ile risasi aliyopewa na Hudson bado inaning'inia kwenye funguo zake, na jioni anapanda ndege. Mashine za uwanjani zitaiona. Mpigie, asitoke nayo hapo nyumbani.

Akikwambia ni pambo tu, mwambie hata mimi kituoni nilisema ni mchezo tu.