Sauti ya Maman Godelive ku mulango wetu

Keren rafiki yangu, miye fundi wa kuiga sauti za batu, leo nimejimaliza.

Nimetoka internat, kule shule ya kulala, nikagonga mulango wetu na sauti ya Maman Godelive, mwenye kudai papa deni ya feza: «Papa Lusenge, makuta yangu!»

Mulango haukufunguliwa.

Naingia: papa, shemasi muzima, amejificha nyuma ya mifuko ya maharagi.

AMEJIFICHA, Keren! Akaniuliza polepole: «Amekwenda?»

«Papa, ilikuwa miye.»

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alipanguza magoti, akavaa koti ya kanisa. «Hii haya imenitosha. Twende tumuite Maman Godelive, nisaini deni ku bureau ya quartier, ofisi ya mutaa, nilipe kila mwezi.»

Kule, mbele ya Maman Godelive, chef wa quartier akauliza: «Shahidi ni nani?»

Papa akanionyesha. «Huyu. Ameona yote.»

Donc, basi, nimesaini.