Wamekwenda Kununua Kuku

Yeongseon-dong, Yeongdo,
Busan.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Chang-u, baba yake Ha-ram,

Huna haya. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya salamu. Mtu mzima, una mke na mtoto, una nyumba yenye ngazi ndani, unapiga simu kutoka huko Kanada, baba yako akipokea unamwuliza, "Mama yupo?" kama unayemwuliza karani wa posta. Naye anajibu, "Yupo," ananiletea simu jikoni, halafu anabaki mlangoni akijifanya anatafuta miwani yake. Nimewavumilia nyote wawili muda mrefu. Sasa nimechoka. Naandika kwa sababu kwenye simu una ujanja wa kusema mtandao unakatika, na karatasi haikatiki.

Haya, salamu. Hamjambo huko? Mama Ha-ram mgongo wake unaendeleaje? Theluji ikianguka tena uizoe wewe, si yeye, hata kama amejitolea. Na Ha-ram anakula? Katika picha mliyomtumia dada yako Mi-hwa nimeona shingo ndefu kama ya korongo na mashavu hayapo. Mtoto akirefuka hivyo anataka supu ya mifupa, si mikate.

Sisi tupo. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda mlima wa kwetu, lakini napanda. Mi-hwa anakuja Jumapili na mumewe, wanakula, wanaondoka na vyombo vyangu, havirudi. Dagaa wakavu niliowatumia mwezi wa tatu hukusema kama walifika. Nilikaa kuwatoa vichwa mmoja mmoja. Ukila kitu cha mtu useme umekula.

Sasa la baba yako. Macho yake yanaisha.

Si mtoto wa jicho, ule tunaoujua, unakatwa na mtu anarudi nyumbani siku ile ile. Huu umekula katikati ya jicho, pembeni pamebaki. Akikutazama usoni haoni uso, anaona masikio. Ndiyo maana siku hizi anawatazama watu kwa upande kama jogoo, na mama wa duka la chini alidhani anamdharau, ikabidi nishuke kumweleza. Daktari ni binti mdogo lakini hazungushi maneno. Kasema kilichoharibika hakirudi. Kilichobaki huenda kikafika majira ya baridi, huenda kisifike. Baba yako kanikataza nisikuambie. Basi nakuambia.

Jumamosi iliyopita asubuhi aliamka akavaa ile fulana yake ya timu ya besiboli, iliyopauka mpaka jina la mgongoni halisomeki, akasema, "Vaa viatu, tunakwenda uwanjani." Nikadhani ameota. Unajua hakuwahi kurudi pale tangu siku ile. Mechi zote alikuwa anazitazama kwenye televisheni, na tangu macho yaharibike anakaa pua imegusa kioo, mimi nyuma yake natazama kisogo. Kumbe alikwisha kumwagiza Mi-hwa tiketi kwa siri.

Tukaenda. Nilikunja wali kwenye mwani asubuhi ile ile, nikafunga na ngisi mkavu. Tukakaa upande wetu, wa kituo cha kwanza, karibu na pale tulipokuwa tukikaa nanyi. Pembeni yake palikuwa na viti viwili vitupu. Akaweka kofia yake kwenye kimoja, mfuko wa chakula kwenye cha pili. Nikasema moyoni, Mi-hwa na mumewe wanakuja, wamechelewa kama kawaida yao.

Uwanja ni ule ule. Watu wanaimba kila mpigaji na wimbo wake, wasichana wanacheza juu ya jukwaa, na mrushaji wa wageni akigeuka kumtishia mtu wetu aliyesimama kituo cha kwanza, watu wote kwa sauti moja, "Wee!" Baba yako anapiga "Wee!" mpaka mishipa ya shingo inasimama. Ile hajaisahau, na haihitaji macho.

Kutazama ndiyo kazi. Mpira ni mdogo, hauoni kabisa, basi mimi ndiye nikawa mtangazaji.

"Amepiga?"

"Amepiga."

"Umeenda wapi?"

"Umeenda juu."

"Juu wapi, mwanamke wewe? Kushoto au kulia?"

"Juu. Ukitaka zaidi ngoja ushuke."

Binti mmoja aliyekaa nyuma yetu alicheka mpaka akamwaga bia yake, akasema, "Bibi, televisheni wakuajiri wewe." Nikamwambia alete mshahara, nitaanza kesho.

Basi zamu ya pili ya mchezo wakaja vijana wawili, mtu na mchumba wake. "Babu, hapa pana watu?"

Baba yako hakugeuza hata kichwa. "Pana. Wamekwenda kununua kuku."

 Nikahesabu watu wetu kichwani, nani anakuja, sikumpata. Ndipo nikakumbuka Mi-hwa siku ile yuko kazini.

Zamu ya nne akaja baba mmoja amembeba mwanawe shingoni. "Mzee, hawa watu wako hawajarudi?"

"Foleni ndefu," akasema. "Mwanangu anachagua sana, anataka mapaja matupu. Na mjukuu lazima aende chooni kwanza, akitoka anataka aiskrimu."

"Foleni gani hiyo tangu zamu ya pili, mzee? Au wamekwenda kumfuga kwanza huyo kuku?"

Safu nzima ikacheka. Baba yako naye akacheka, akajipiga paja. "Huyo mwanangu unamjua kumbe," akasema. "Hana haraka hata kidogo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kipande cha ngisi, nikakirudisha kwenye mfuko. Mapaja matupu ni wewe. Aiskrimu ni Ha-ram, wa wakati ule. Ndani ya kichwa cha baba yako mtoto yule bado ana miaka sita na yuko chooni, na wewe uko kwenye foleni, mnarudi sasa hivi.

Usije ukadhani akili yake imepotea. Nilifikiri hivyo mimi pia, nikamwuliza leo ni siku gani, mwezi gani, nani anarusha. Akanijibu yote, na kunitukana juu. Anajua sana mko wapi. Alitaka tu kukaa na viti vyenu.

Ikafika zamu ya saba. Mpira ukapigwa vibaya, ukapinda, ukaja kwenye watu safu za chini yetu, kijana mmoja akaudaka. Na kama ilivyo desturi yetu hapa, uwanja mzima ukaanza, "Mpe mtoto! Mpe mtoto!" Baba yako alipaza sauti pamoja nao, "Mpe mtoto!" Mara moja tu. Halafu akakaa, akaweka mkono juu ya ile kofia kwenye kiti. Hakuimba tena mpaka mwisho.

Siku ile unaikumbuka wewe, naikumbuka mimi, lakini haijawahi kusemwa ndani ya nyumba hii. Sasa naisema mimi, maana nyinyi wanaume wawili mtakufa nayo.

Mpira ulikuja kwetu. Baba yako akaudaka kwa mikono mitupu, mtu aliyekwenda uwanjani tangu ujana wake bila kuwahi kuugusa. Watu wakapiga kelele ile ile, mpe mtoto. Na Ha-ram amesimama juu ya kiti pale pale ubavuni kwake, glavu ya kudakia mkononi, ameinyoosha. Baba yako akaupitisha mpira juu ya kichwa cha Ha-ram, akampa mtoto wa kike wa watu wa safu ya nyuma, hata hakuwa anatazama, alikuwa anakula. Watu wakapiga makofi. Ha-ram hakulia. Alitazama ndani ya glavu, kama vile mpira huenda umeingia na hakuuona. Wewe ukasimama, ukasema, "Baba, na huyu si mtoto?" Naye akakujibu, "Kaa chini, unawaziba watu."

Ukamshika mwanao mkono mkaondoka. Hukurudi kwetu Jumapili ile, wala zilizofuata, halafu tukasikia Kanada.

Jumamosi mechi ilipokwisha, tumefungwa bila shaka, tulingoja watu wapungue ili tushuke. Zile ngazi ni kali, na kwake sasa ni kama kisima. Ameshika bega langu, anapapasa kwa mguu. Katikati ya ngazi nikasimama. Nikamwuliza, "Kwa nini hukumpa Ha-ram?"

Alipapasa ngazi moja zaidi kwa mguu. Kisha akasema, "Ningempaje wangu mbele ya uwanja mzima? Watu wangesema mzee amejipa mwenyewe."

"Na Chang-u mbona hukumweleza?"

"Nilidhani anajua. Si nimemlea mimi?"

Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia hapo hapo, watu wanapita wanasikia. Nikamwambia, Chang-u umemlea wewe, sawa, lakini Ha-ram hukumlea wewe. Ha-ram alikuwa anaijua glavu tu.  Akasema, "Shuka, tunawaziba watu." Tukashuka. Kwenye basi akageuzia uso dirishani, na dirishani haoni kitu.

Lakini na wewe sikuachi. Wewe ulikuwa unajua. Baba yako alipokuwa msimamizi pale kwenye ukarabati wa meli, kila mwaka mpya tajiri akileta samaki wa kugawa, nani alikuwa akila vichwa? Sisi. Watu wake aliwapa miili, nyumbani akaleta vichwa, nami nikapika vichwa, na wewe ukafyonza macho ya samaki na kusema ndiyo matamu kuliko yote. Ulijua mtu huyu chake na cha watoto wake ni kitu kimoja, na ni cha mwisho. Siku ile ulikasirika kwa ajili ya mwanao, nakuelewa, mzazi hukasirika. Ningekasirika mimi pia. Hasira ya siku moja ni haki yako. Hizi zilizobaki zote umeziiba.

Maana hebu tazama kilichopotea. Ha-ram aliondoka ananifika kiunoni. Sasa Mama Ha-ram ananiambia sauti inaanza kuwa nzito, na anacheza ule mchezo wa barafu, amevunja jino. Babu yake hajui jino lipi. Angeweza kumwona akikua, macho yalikuwa mazima miaka yote ile, anasoma hata namba za mabasi toka mbali. Macho yale aliyatumia kwenye televisheni. Hata uje kesho, uso wa Ha-ram hatauona wote. Ataona masikio yake na nywele. Hilo halirudi, nami sitakudanganya kwamba litarudi. Linaniuma. Naosha vyombo linaniuma.

Kilichobaki ni kidogo na ndicho nakidai. Mwezi wa saba msije, ni mvua tupu, mechi zinaahirishwa na mtakaa ndani mnatazamana. Njooni mwezi wa nane, shule za huko zimefungwa, Mi-hwa kaulizia. Mama Ha-ram akiwa na kazi abaki, njoo wewe na mtoto. Mtalala chumba cha mbele, nimekwisha kutoa mitungi yangu ya kabichi ya kimchi. Mtakwenda uwanjani mkae pande zake mbili. Ha-ram amtangazie mpira, maana mimi nimechoka kutukanwa, na wewe ukasimame kwenye hiyo foleni ya kuku kweli kweli, urudi.

Wala usije na hotuba. Usimwombe radhi, na usitegemee akuombe. Akikuambia kaa chini, kaa.

Msalimie Mama Ha-ram, mwambie unga wa pilipili nitampa Mi-hwa autume. Msalimie na mama yake kama bado yuko kwenu. Ha-ram mwambie bibi yake amesema jino halimzuii mtu kula. Mi-hwa na mumewe wanawasalimu. Mzee Bin wa nyumba ya chini anakusalimu pia, bado anasema ulimvunjia dirisha ukiwa darasa la tatu, na mimi bado nakataa.

Mbingu ziwatunze, mle mshibe, mlale pakavu, na safari ikiwepo iwe nyepesi.

Mimi niliyekuzaa, ninayekupenda hata nikikufokea,

Mama yako,
Ok Pil-nam

Simu upige Jumatatu, asubuhi ya kwetu, maana Jumatatu hakuna mechi. Mimi nitakuwa nimetoka, nimekwenda sokoni, kwa hiyo usithubutu kuuliza kama nipo. Mwambie mwenyewe kwamba mnakuja. Itaita muda mrefu, kwa sababu anaitafuta kwa kupapasa. Usikate.