Protini Kwenye Suruali ya Bwana Najua

Shosti, uko wapi? Nimejifungia chooni huku maabara, nacheka na kulia kwa pamoja.

Ile protini ya utafiti wangu, ile inayoiamuru seli ianze kugawanyika, imefika leo, unga mkavu ndani ya kichupa. Miezi yote ile nimeisubiri kama mtoto!

Msimamizi wangu, Bwana Najua mwenyewe, kaninyang'anya kichupa. "Lete hapa, nyie hamjui." Kakifungua chini ya feni. CHINI YA FENI! Kachungulia, kakipindua kiganjani, kakigongagonga. "Kitupu! Tumetapeliwa!" Halafu kajipangusa mkono kwenye suruali.

Kitupu ni kichwa chake. Unga wenyewe ni kiduchu, kuuona kwa macho ni kazi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua!

Haya, akampigia dada wa kampuni iliyotuuzia, kaweka spika ili sote tusikie anavyomkaripia. Wezi nyie, matapeli nyie. Dada wa watu katulia tuli. "Samahani mzee, kabla ya kufungua, mlikizungusha kwenye mashine ili unga ushuke chini?"

Profesa mzima akakitazama kichupa, akanitazama mimi!

Kisha, bila haya hata chembe: "Aliyefungua ni mwanafunzi wangu. Hawa watoto hawasikii."

Mimi! Nimesimama palepale, glavu mkononi!

Aliyefungua ni mwanafunzi wangu, eti!

Nikaisogelea simu. "Dada, huyo mwanafunzi ndiye mimi. Unga wenu uko kwenye suruali ya profesa, paja la kulia."