Kifuniko Kimoja kwa Ndoo Nzima

Ugo, acha unachofanya usome. Obioma wa ghorofa ya juu, mama mkwe wake kambabua mtoto.

Ndiyo, yuleyule anayesema mtoto hafanani na mwanawe. Si amekuja omugwo, kumlea mzazi? Basi kuogesha mjukuu ni kazi yake. Leo asubuhi kamimina dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, nusu chupa, maji kidogo tu. Mtoto wa siku tisa.

Mtoto kalia mpaka sauti ikakauka. Obioma kasema, "Mama, inamuunguza." Kajibiwa, "Ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Mimi nimelea sita, wewe umelea nani?"

Umelea nani. Na ngozi ya mapajani inatoka kama ganda la nyanya.

Obioma kadhani ni ujinga wa uzee, kasamehe. Ngoja sasa.

Karudi kutoka hospitali alikompeleka mtoto, kamkuta mama mkwe jikoni anaongea kwa simu na binti yake wa Enugu, naye kajifungua juzi. Sauti laini kabisa: "Mwanangu, dawa ni kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Ukizidisha utambabua mtoto."

Utambabua mtoto.

Alikuwa anajua, Ugo. Na kesho asubuhi ndiye anayeogesha.