Jibu la Mwalimu Nzomo na Jibu Langu

Mpendwa Dada Wavinya, naomba unisaidie kabla sijavunja heshima au kazi yangu. Nafundisha Kiingereza Gredi ya Saba huku Mbooni, na wanafunzi wangu hutoka kwa Mwalimu Nzomo wa Gredi ya Sita, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, tena ni mzee wa kanisa letu na ndiye aliyesimama kuniombea nilipokwenda chuo kikuu, na sasa amewafundisha kwamba kila kielezi cha Kiingereza lazima kiishe kwa -ly, "kielezi bila -ly ni chai bila majani," wanaimba hivyo, basi wanaandika "he runs fastly" badala ya "fast," na wakitaka kusema mama hufanya kazi kwa bidii wanaandika "she works hardly," yaani mama hafanyi karibu chochote, nami nasahihisha kimya bila kuuliza walikotoa. Wiki jana Kasyoki, msichana mwerevu, aliinua mkono katikati ya jaribio, maana hapa shuleni walimu husaidiana kusahihisha.

"Mwalimu, hii itasahihishwa na wewe ama na Mwalimu Nzomo?"

"Kwa nini?"

"Ndiyo nijue kama nitaweka -ly."

Darasa likacheka, nikageukia ubao wasinione uso. Nikimwambia mzee, nitakuwa msichana aliyesoma akamsahau aliyemshika mkono, na nisipomwambia, sijui mimi ni mwalimu wa aina gani.

Mwenye Mawazo, Mbooni

Mwenye Mawazo,

Pole. Lakini unachokiita heshima, nusu yake ni woga. Umeshaamua mzee hawezi kurekebishwa, na hujawahi kumjaribu. Kasyoki naye hajachanganyikiwa: amejifunza kwamba ukweli hutegemea aliyeshika kalamu nyekundu, na somo hilo mmempa wawili, wewe kwa kunyamaza. Mtihani wa taifa utasahihishwa na mtu asiyewajua nyote.

Usiende kwa mwalimu mkuu, wala usimnong'onezee mtu baada ya ibada. Jumamosi nenda kwake nyumbani, beba sukari kama mgeni yeyote, ongea Kikamba. Usimpelekee kitabu. Mwambie alichouliza Kasyoki, maneno yaleyale, kisha nyamaza, umwache acheke au akasirike. Halafu mwombe aje darasani kwako awaambie mwenyewe kwamba fast na hard hazibadiliki. Wakisikia kwake, somo litakaa.

Akikataa, Jumatatu fundisha wazi, bila kumtaja. Huenda akakununia muhula mzima. Wewe msalimie kila asubuhi, hata asipoitikia.

Dada Wavinya