Jiwe Ndani ya Sanduku

Hindman, Kentucky
2 Machi 1998

Marvella binti yangu,

Salamu kutoka huku bondeni. Mimi mzima, ukiacha kifua ambacho mgodi ulinirudishia kibovu, na masikio ambayo haukunirudishia kabisa. Mbwa naye mzima. Theluji inayeyuka, barabara ni tope tupu. Wewe huko Lexington u hali gani? Unakula, au bado unaishi kwa kahawa na biskuti?

Barua yako nimeipata. Kwamba hospitali ya New Jersey imekupa wodi ya watoto njiti, ile uliyoililia tangu shule ya unesi, nimefurahi sana. Nimemsimulia jirani yangu Hobart mpaka ameanza kunikwepa. Lakini kwamba utaendesha peke yako majimbo yote hayo, mkono mtupu, hapo hapana.

Nimekuchagulia silaha. Bastola yangu kubwa haikufai, itakuruka mkononi kama jogoo. Bunduki ya mitutu miwili huwezi kuigeuza ndani ya gari. Utachukua bastola ndogo ya marehemu mama yako, ile yenye kasha la risasi la kuzunguka. Haikwami, haina mbwembwe, unafyatua basi. Orpha aliiweka kwenye kijisanduku cha dashibodi maisha yake yote, imejaa risasi, na hakuna mtu aliyewahi kumgusa. Nawe utaiweka hapohapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kabla hujaondoka pita nyumbani nilikague gari kama kawaida. Mtoto wangu hatoki bonde hili na oili chafu.

Ni mimi, Baba yako


Lexington
9 Machi 1998

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula. Kifua kisikudanganye kwamba ni baridi tu, nenda zahanati. Msalimie Hobart, na mwambie pole.

Kuhusu bastola: mama hakuguswa kwa sababu hakuna mwizi aliyelitaka gari lile. Hata wewe ulikuwa unalisukuma.

Sikiliza, na usipandwe na hasira kabla hujamaliza ukurasa. Nimewapigia simu watu wa sheria wa New Jersey, halafu nikamuuliza na wakili wa hapa. Kibali cha Kentucky ukishavuka mpaka ni karatasi ya kufungia samaki. Ukisafiri na silaha kupita majimbo ya watu, risasi zitoke ndani. Silaha ikae kwenye sanduku lenye kufuli, sanduku likae kwenye buti, na risasi zikae mbali nayo. Na kijisanduku cha dashibodi hakihesabiki, hata ukikifunga kwa ufunguo. Kule wanafunga watu, baba. Nikitiwa hatiani leseni ya unesi inakwenda, na wodi ya watoto inakwenda nayo.

Ningependa niende bila chochote. Lakini nakujua, utaugua. Basi nimenunua sanduku la chuma. Nitaibeba ya mama, kwa masharti hayo na si mengine. Ukikubali, niandikie. Usipokubali, nitaondokea hukuhuku Lexington.

Binti yako


Hindman
14 Machi 1998

Marvella,

Salamu. Mimi mzima, mbwa mzima, hasira nyingi.

Bastola kwenye buti, haina risasi, imefungiwa kwenye chuma! Mtu akikuvamia kituo cha mafuta utamwambiaje? "Kaka, nisubiri kidogo, natafuta ufunguo"? Nimempigia kura kila mwanasiasa aliyeahidi kwamba siku hii haitafika, na imefika kupitia mwanangu mwenyewe.

Haya. Nimekubali. Lete sanduku lako. Lete na ufunguo wa pili nikuwekee hapa, usije ukapoteza wako. Maharage na mkate wa mahindi vitakuwa mezani.

Baba yako


Newark, New Jersey
20 Aprili 1998

Baba,

Leo sikuamkii. Mimi si mzima na sitaki kujua kama wewe mzima.

Siku ile ya kuondoka uliiweka bastola ndani ya sanduku mbele ya macho yangu. Ulilifunga mbele ya macho yangu. Nilikukumbatia. Nikapanda kilimani kumsafishia mama kaburi na kumuaga, na wewe ukabaki chini "unakagua gari". Niliposhuka ulikuwa unafuta mikono kwa kitambaa, ukaniambia, "Liko safi, mwanangu, nenda na Mungu."

Nimevuka West Virginia, nimevuka Maryland, nimevuka Pennsylvania yote, nikiendesha kama bibi harusi. Nimeingia New Jersey, nimeshaanza kuyaona majengo ya mji, askari wa barabarani akanisimamisha. Taa ya nyuma haiwaki. Akaniuliza, "Una silaha ndani ya gari?" Nikamjibu kwa fahari kabisa, maana mimi nilikuwa nimesoma sheria: "Ndiyo, afande. Iko kwenye buti, imefungiwa, haina risasi." Akaniambia vizuri sana, nipe karatasi za gari.

Nikafungua kijisanduku cha dashibodi. Bastola ya mama ikaniangukia mapajani.

Umewahi kupigiwa kelele na mtu aliyekuelekezea mtutu usoni, baba? Mimi sasa nimewahi. Nililala kifudifudi barabarani na malori yananipita kichwani. Wakahesabu risasi, ilikuwa imejaa. Nikawa nalia nawaambia si hiyo, yangu iko kwenye sanduku, fungueni sanduku. Wakalifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na jiwe. Jiwe la mtoni, umelifunga vizuri kwa taulo la jikoni la mama, lile la maua ya bluu, ili nikilibeba sanduku nisilione jepesi.

Yule askari alinitazama kama mwendawazimu. Nami nikacheka. Wameandika hivyo, kwamba mshtakiwa alicheka.

Nimelala rumande. Kwa sasa niko nje kwa dhamana, nimepanga chumba, na hospitali imesema nisikanyage mpaka kesi iishe. Wakili anasema iko njia moja tu: aliyeiweka aje aape mbele ya jaji kwamba aliiweka yeye, na mimi sikujua. Kesi ni tarehe 15 Juni.

Uliangalia oili, matairi, maji, mkanda wa injini. Taa ya nyuma hukuiona, kwa sababu ulikuwa unahangaika na jiwe.

Njoo useme ukweli. Sikuombi kingine.

Marvella


Hindman
27 Aprili 1998

Marvella,

Salamu, hata kama hutaki. Mimi si mzima. Tangu barua yako ifike sijalala kitandani, nalala kitini.

Lakini usinifanye mimi ndiye jambazi. Aliyekulaza barabarani ni mimi? Aliyemwelekezea mtutu binti asiye na kosa ni mimi? Nchi gani hii ambayo mtu akivuka daraja anageuka mhalifu kwa kitu kilekile kilichokuwa halali ng'ambo ya pili? Nimechimba makaa yaliyowasha taa za hao watu wa New Jersey. Nimeacha mapafu yangu humo. Na leo niende nikasimame mbele ya jaji wao, kofia mkononi, niseme nimekosa? Sijakosa! Ningekuwa na gari lako hapa sasa hivi ningefanya vilevile.

Na wewe kwa nini ulimwambia una silaha? Alikuuliza, ungesema hapana. Msomi wa sheria!

Hobart anasema nikienda kuapa wanaweza kunigeukia mimi, wakanikataza kushika bunduki hadi kufa. Mimi ninakula kulungu wakati wa baridi, unajua. Nikinyang'anywa hiyo nibaki na nini? Mbwa na kikohozi?

Mtafutie huyo wakili njia nyingine. Wanasomea nini chuoni?

Baba yako


Newark
4 Mei 1998

Baba,

Nimemsomea wakili barua yako. Nilisoma mpaka pale uliposema ungefanya vilevile, akaniomba niishie hapo.

Unanipigia mahesabu ya kulungu. Mimi nimetumia ujana wangu kujifunza kumshika mtoto mdogo kuliko kiatu chako asife. Hilo ndilo uliloliweka kwenye kijisanduku, ukalifunika na karatasi.

Uliniambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Haya, fimbo yako ya karibu imeniua mimi.

Tarehe unaijua. Ukija, usije na chochote chenye risasi. Usipokuja, usiniandikie tena, wala usimwambie mtu hapo bondeni kwamba una binti nesi, kwa sababu hutakuwa naye.

Marvella


Hindman
22 Juni 1998

Marvella mwanangu,

Salamu nyingi. Nimefika salama, gari halikusumbua. Mbwa alikuwa kwa Hobart na amenenepa. Wewe hujambo?

Pale mahakamani hukuniongelesha, ukaniaga kwa kichwa kama unamuaga karani, kwa hiyo naandika.

Bastola yangu kubwa niliiacha mezani kwa Hobart, kama ulivyotaka. Safari nzima mkono wangu wa kulia haukujua ukae wapi. Kila kituo cha mafuta nilishuka nikiwa uchi. Watu wa huko hawasalimiani, na ile wanayoiita soseji sitaizungumzia. Jaji alinisema kama mtoto wa shule, mbele ya watu, na mimi kwa masikio yangu haya nikalazimika kumwomba arudie, akanisema mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Nimemeza. Mwendesha mashtaka anasema bado wanafikiria wanifanye nini. Wafikirie. Ila jaji kuamuru ile bastola ya mama yako iyeyushwe, hilo limenikaa kooni na halishuki.

Wakili alisema wamekufutia kesi. Hilo ndilo nililofuata, na nimelipata. Lakini bado nina hasira na jimbo lile zima, usidhani nimebadilika.

Ulipokuwa ndani unatia saini na wakili, nilikwenda pale gari lako lilipoegeshwa. Nilikuwa na ule ufunguo wa akiba niliobaki nao tangu siku nilipokununulia gari. Nimekubadilishia balbu ya taa ya nyuma. Sasa inawaka.

Mwezi wa Agosti ni siku ya ukoo kusafisha makaburi, na kula kilimani. Utakuja? Fika siku mbili kabla nilikague gari vizuri, maana mkanda wa injini nao haunipendezi.

Ni mimi, Baba yako


Newark
3 Julai 1998

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimefurahi umefika salama, na nimefurahi mbwa amenenepa.

Ni kweli kesi imefutwa, na leseni ninayo. Ila wodi ya watoto njiti walishampa mtu mwingine wakati nasubiri. Hawakufanya ubaya, watoto hawasubiri mahakama. Nimepata kazi nyumba ya wazee. Nawaosha, nawalisha, nawasikiliza wakilalamika kuhusu mabinti zao. Mmoja anakohoa kama wewe. Hospitali imesema nijaribu tena mwakani, na nitajaribu.

Sikukuongelesha siku ile kwa sababu ningefungua mdomo ningepiga kelele. Jaji alipokuuliza mara ya pili, "Mzee, kwa nini hukumwambia binti yako?" ulisimama ukavua kofia, ukasema, "Kwa sababu angekataa." Baba, ulikuwa unajua. Tangu mwanzo ulijua jibu langu, ndiyo maana ulikwenda mtoni kutafuta jiwe la uzito uleule. Ulilinyanyua la kwanza likawa jepesi, ukalitupa, ukanyanyua jingine. Kila usiku nakuona ukichagua.

Sanduku wamenirudishia, na jiwe ndani yake. Taulo la mama nimelifua. Jiwe nazuilia mlango.

Sasa nikuambie kuhusu hiyo balbu. Niliposoma kwamba uliingia kwenye gari langu peke yako, niliiacha barua mezani na chai ikiwa bado ya moto, nikashuka ngazi mbio. Nilitoa kila kitu kwenye kijisanduku. Nikaingiza mkono chini ya viti. Nikang'oa mazulia. Nikatoa tairi la akiba nikalilaza barabarani, nikafungua boneti, nikapekua mpaka ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza, majirani wote wako madirishani. Sikukuta kitu. Kulikuwa na balbu mpya tu, inawaka vizuri.

Nikakaa ukingoni mwa barabara nikalia. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwamba baba yangu amenitendea wema na ilinibidi nipekue.

Asante kwa kuja. Najua ilikugharimu nini kuvua ile kofia.

Agosti nitakuja. Nitasafisha kaburi la mama pamoja nawe, nitakula chochote utakachopika, na tutakaa barazani mpaka mbu watufukuze. Ufunguo wa akiba uweke mezani nikifika, niuchukue.

Na gari langu usiliguse.

Binti yako