Chupa Iliyoandikwa Dawa

Nyumbani,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko kambini? Kifua kimepona? Unakula vizuri? Sisi hapa hatujambo, na Baba anasema marahaba hata kabla hujamwamkia. Yuko karibu yangu, ananisimamia neno kwa neno kama alivyokuwa akiwasimamia wanafunzi wake wa useremala, kwa hiyo mwandiko ukipinda lawama si zangu.

Anataka kwanza upate habari za chambo. Tangu ulipombandikia ile karatasi ya kukitengeneza kwenye mlango wa jiko, cha dukani hakitaki tena. Unga wa mahindi vikombe viwili, wa ngano kimoja, karanga za kusaga, sukari, mayai manne, dawa kijiko kimoja. Anakanda mwenyewe, anaviringa vidonge vya ukubwa wa gololi, anavichemsha mpaka vielee, kisha anavianika kwenye ungo juu ya paa la banda. Sufuria yangu nzuri haitamaniki tena.

Anasema pia nikwambie hajaacha kuonja. Kila akikanda donge jipya lazima aweke kidogo kwenye ulimi na ameze, maana chambo kikimshinda mvuvi, samaki atakilaje? Nimemtania kwamba iko siku atanasa yeye. Amecheka mpaka akakohoa.

Wale samaki wanene wenye sharubu, uliokuwa ukiwaita wazee wa tope, wiki iliyopita hawakugusa ndoano hata mara moja. Jumamosi watatu wakakutwa wanaelea bwawani, matumbo juu. Rafiki yake Kinyozi akasema chambo cha Baba ni kitamu mno, samaki wanapanda wenyewe bila kuvutwa. Baba amesisitiza niliandike hilo, na nimeliandika.

Sasa amesinzia. Ngoja nikueleze ukweli.

Hatupo nyumbani. Nimeandika hivyo pale juu kwa sababu alikuwa akichungulia na hataki ushtuke. Nipo kwenye benchi la wodi ya wanaume, kituo cha afya, kitanda cha nne kutoka mlangoni, na leo ni siku ya tatu. Alianza kwa kutoka jasho, mate yakamjaa kinywani, mikono ikatetemeka hata kikombe kikamponyoka, yeye aliyekuwa akipigilia msumari huku anaongea na watu. Mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Anadhani ni homa tu.

Hata mimi nilidhani ni homa, mpaka jana niliporudi nyumbani kumchukulia shuka. Jikoni nikaikuta chupa ya vanila ya kunukishia chambo, ile uliyokuwa ukiiita dawa, tupu, imekauka zamani. Pembeni yake ipo nyingine ya kahawia, imebaki robo. Imeandikwa kwa mkono wako: DAWA.

Hukusema uongo, ni dawa kweli. Ndiyo uliyopaka miguu ya kabati mwaka ule mchwa walipotuingilia. Uliimimina kutoka kwenye kopo kubwa, ukalitupa kopo, chupa ukaiacha bandani. Baba vanila ilipomwishia akasoma karatasi yako, akatafuta dawa, akaipata. Macho yake unayajua, na pua yake iliharibiwa na vanishi tangu hatujazaliwa.

Nina hasira na wewe, Kijiti, sitakuficha. Neno mchwa lina herufi tano tu. Ungekuwa karibu ningekuzaba kibao, halafu ningekukumbatia, kwa sababu najua utakavyolia. Lakini na mimi nimo. Ile chupa nilikuwa nikiisogeza kila nikifuta meza, na bakuli la kukandia nilimshikia mwenyewe.

Vidonge vyote nimevifukia. Alivyompa Kinyozi nimevifuata, na bahati nzuri alikuwa hajavigusa. Chupa nimeileta kwa daktari. Akainusa, akaitikisa, akasema dawa za mchwa ziko nyingi na hazitibiwi kwa namna moja. Sindano anazomchoma sasa ni za kubahatisha. "Dada, niletee jina," akaniambia. "Dawa ya dawa hii siwezi kuijua mpaka niijue yenyewe." Nimezunguka maduka matatu na chupa mkononi, hakuna anayeitambua. Wewe peke yako ndiye uliyesoma jina kwenye lile kopo.

Simu yako haipatikani. Dereva wa lori la vyakula vya kambi anaondoka saa nane mchana, atakufikia kesho asubuhi na kugeuza siku hiyo hiyo. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi na asimame hapo mpaka umalize kusoma.

Baba sijamwambia. Anajivunia chambo kile kuliko makabati yote aliyowahi kuunda, na kila akizinduka huniuliza kama nimevigeuza vidonge pale paani visichomwe na jua upande mmoja. Namjibu nimevigeuza. Tangu asubuhi ameniuliza mara mbili, na mara ya pili hakulimaliza swali.

Shangazi anakusalimu sana, na Kinyozi pia. Mungu akulinde huko uliko, na akukumbushe.

Ukijibu, usianze na salamu. Usiombe radhi, wala usinieleze hali yako. Andika jina la dawa tu, umpe dereva huyo huyo. Mengine tutazungumza ukija, Mwenyezi akipenda, tukiwa bado watatu.

Ni mimi nikupendaye kwa dhati,
Dada yako